Kitanda cha mnadani kikifika kibovu, nani alaumiwe?

Saa nne usiku. Mama mwenye mimba ya miezi minane amejilaza ubavu, simu mkononi, mume wake ameshalala. Kwenye kundi la WhatsApp la mnada wa vitu vya watoto inaingia picha ya kitanda cheupe cha mbao, kile ambacho ubavu wake mmoja unashushwa na kupandishwa ili mama asiiname sana kumchukua mtoto. Chini ya picha muuzaji ameandika: "Mtumba kutoka nje, gredi A, hakina shida. Dau linaanza 60,000. Nafunga saa nne na nusu."

Mmoja anaandika 70,000. Mwingine 80,000. Mama anaweka 95,000, anapandishiwa, anaweka 120,000. Dakika mbili kabla ya muda muuzaji anaandika kwa herufi kubwa: IMEUZWA. Mama anatuma fedha kwa simu akiwa na furaha, maana kitanda kipya dukani kingemla zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kesho yake jioni bajaji inashusha mbao zilizofungwa kamba. Baba anaanza kuunga. Akifika kwenye ule ubavu unaoshuka, anakuta komeo la plastiki la upande wa kushoto limekatika. Mahali pake pamefungwa waya mwembamba, na waya umepakwa rangi nyeupe ufanane na mbao. Kwenye picha ya mnadani usingeuona.

"Kaka, mbona komeo limefungwa waya?" mama anauliza kwa meseji.

"Pole dada yangu, ila mtumba ndivyo ulivyo," anajibiwa. "Na mnadani hakuna kurudisha. Picha uliiona mwenyewe."

Kisa hiki ni cha mfano, lakini mzazi aliyekaa kwenye makundi ya aina hiyo hatashangazwa nacho. Swali lake ndilo linalogombanisha watu kila wiki: kitu cha mnadani kikifika kibovu, mwenye kosa ni muuzaji aliyenyamaza, au mnunuzi ambaye hakuuliza? Sheria ina jibu, na jibu hilo linaweza kumsaidia mzazi kabla hajatuma hata shilingi.

WAYA MDOGO, HATARI KUBWA

Kwa kitanda cha mtoto, komeo lililokatika si suala la urembo. Ubavu usiofunga vizuri hujiachia kidogo, na kati ya godoro na mbao panatokea nafasi. Mtoto mchanga akibingirika na kuingia humo, uso hubanwa au shingo hukwama. Hana nguvu ya kujitoa wala ya kulia kwa sauti.

Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya nchi hiyo, CPSC, ilihusisha vitanda vyenye ubavu unaoshuka na vifo visivyopungua 32 vya watoto tangu mwaka 2000. Makomeo ya plastiki yalivunjika, skrubu zililegea, na wakati mwingine wazazi walifunga kitanda vibaya kwa sababu vifaa vilipungua. Kuanzia Juni 28, 2011 vitanda hivyo vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa nchini humo. Marufuku hayo yanahusu hata kuuziana kilichotumika, awe muuzaji ni duka, ni jirani anayesafisha stoo au ni mtu anayenadi mtandaoni.

Lakini kitanda kilichopigwa marufuku hakiyeyuki. Mbao hukaa miaka mingi, huhama kutoka nyumba moja hadi nyingine, na bidhaa iliyotumika inaweza kuvuka bahari ndani ya kontena bila maelezo yoyote. Muuzaji wa mwisho huenda hajui historia yake. Ila waya uliopakwa rangi una maana moja tu: kuna mtu aliyejua.

BIDHAA YA KWANZA ILIKUWA MBOVU

Mnada mmoja maarufu wa mtandaoni ulianza na kitu kibovu. Mwaka 1995 kijana wa California, Pierre Omidyar, alifungua tovuti aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ikawa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa chake cha kuonyeshea kwa mwanga wa leza, na kilikuwa kimeharibika. Kiliuzwa kwa dola 14.83.

Hakuna aliyetapeliwa. Ubovu ulikuwa umeelezwa, na kwa simulizi ya Omidyar mwenyewe, alimwandikia mnunuzi kuhakikisha anaelewa kuwa anachonunua hakifanyi kazi. Mnunuzi alielewa na bado alikitaka.

Kwa hiyo kuuza kitu kibovu si kosa. Ukweli umesemwa, mnunuzi amepima, bei imeshuka kulingana na ubovu. Shida huanza pale ubovu unapofichwa na bei ikabaki ya kizima, tena kwenye bidhaa ambayo mtumiaji wake hawezi kusema kitu.

FARASI ASIYE MZIMA

Kuna mfano wa zamani unaowafaa wazazi wa leo. Kabla ya mwaka 1961 mikataba ya Tanganyika iliongozwa na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria ile ilieleza kanuni zake kwa mifano midogo, na mmoja ulikuwa wa mnada.

Mtu anamuuza mnadani farasi anayejua kwamba ni mgonjwa, lakini hasemi chochote. Kwa sheria ile, kunyamaza huko peke yake si udanganyifu. Inauma kusikia, lakini ndivyo ilivyo.

Mfano hauishii hapo. Iwapo mnunuzi atamwambia muuzaji kwamba asipokanusha, yeye atachukulia farasi ni mzima, na muuzaji akaendelea kunyamaza, basi kimya chake kinahesabika kuwa ni neno. Amesema farasi ni mzima, na amedanganya.

Sheria ya Mikataba ya sasa ya Tanzania Bara, Sura ya 345, imebeba kanuni hiyohiyo: kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema, au pale kimya chake kinapokuwa sawa na kusema. Na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kukataliwa na aliyedanganywa.

Kwa mama wa kitanda, faida yake ni hii. Kama kabla ya kuweka dau angeandika, "Kaka, nachukulia makomeo yote ni mazima, hakuna kilichovunjika wala kuungwa. Kama si hivyo niambie," muuzaji angebaki na njia mbili tu: kusema ukweli, au kujifunga kwa kimya chake. Meseji moja ingehamisha mzigo kutoka begani kwake.

Hata bila meseji hiyo, mama hakuachwa mikono mitupu. Muuzaji hakunyamaza. Aliandika "gredi A, hakina shida." Hayo ni maelezo ya bidhaa, na maelezo ya bidhaa yana uzito wake kisheria.

MUUZAJI ANADAIWA NINI

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Anayenunua kwa picha na maneno ya kwenye simu, bila kukishika kitu, ananunua kwa maelezo. Ukiandika "hakina shida", kisiwe na shida. Ukiandika "kipya", kisiwe kimetumika.

Sheria hiyohiyo inatofautisha wauzaji wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara, yaani anayeuza bidhaa za aina hiyo kama kazi yake, hata kama duka lake ni akaunti ya Instagram na stoo ya nyumbani. Huyu anabeba sharti la ziada: bidhaa iwe na ubora unaokubalika sokoni kwa bidhaa ya aina yake. Kusema "hata mimi sikujua" hakumwondolei sharti hilo. Mtumba haudaiwi kung'aa kama kipya, lakini kitanda cha mtumba bado kinapaswa kuwa kitanda.

Wa pili ni mtu binafsi, kama mzazi anayeuza kitanda kimoja kwa sababu mwanawe amekua. Yeye habanwi na sharti hilo la ubora kwa kiwango kilekile. Hata hivyo bado anabanwa na maelezo aliyoyatoa, na bado haruhusiwi kudanganya.

Kuna pia suala la matumizi. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara anataka kitu kwa kazi gani, na akategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana ni vizuri kuandika: "Nataka kitanda cha mtoto mchanga atakayelala humo peke yake usiku." Muuzaji akijibu "kinafaa kabisa", ameingia.

Mnada nao una kanuni zake. Kwa kawaida biashara hufungwa nyundo inapogonga meza, na kabla ya hapo aliyetaja dau anaweza kulifuta. Kwenye simu hakuna nyundo, kuna lile neno IMEUZWA. Na muuzaji ambaye hakutangaza mapema kwamba atashiriki kwenye dau haruhusiwi kuwapanga rafiki au ndugu wapandishe bei kwa uongo. Mnunuzi akigundua mchezo huo, sheria inamruhusu kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya udanganyifu.

Vipi kuhusu ule msemo wa "mnadani hakuna kurudisha"? Mahakama ya juu ya Ujerumani katika kesi za madai ilikutana na swali linalofanana nao mwaka 2006. Mtu binafsi aliuza pikipiki iliyotumika kupitia eBay. Aliandika imetembea kilomita 30,000, kisha akaandika kwamba hatoi dhamana yoyote. Pikipiki ilipofika, kumbe mita ilisoma maili. Ilikuwa imetembea karibu kilomita 49,000. Mahakama ilisema kukataa dhamana hakufuti jambo ambalo muuzaji mwenyewe amelieleza. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa Tanzania, lakini hoja yake inaeleweka na mtu yeyote: huwezi kuahidi kwa sentensi ya kwanza ukajiondoa kwa sentensi ya pili.

Hapa nyumbani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au hali ya bidhaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa mteja na aeleze mahali anapopatikana. Akaunti yenye picha nzuri tupu, isiyo na jina la mtu wala mahali, tayari imekosea kabla bidhaa haijaonekana.

MNUNUZI NAYE ANA WAJIBU

Sheria haimlindi aliyefumba macho. Mnunuzi aliyepewa nafasi akakagua bidhaa kabla ya kununua hawezi baadaye kulalamikia sharti la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Mtu aliyekwenda stoo, akakizunguka kitanda, akalipa na kuondoka, atapata taabu kudai kwamba hakuona mguu uliopasuka.

Aliyenunua kwa picha ana nafuu: hahesabiki kuwa ameipokea bidhaa moja kwa moja hadi apate muda wa kutosha kuikagua. Lakini muda huo si wa milele. Ukikaa nayo kimya wiki kadhaa, au ukaendelea kuitumia huku ukijua ni mbovu, unaonekana umeikubali.

Kwa hiyo mzigo ukifika, kuna mambo manne ya kufanya siku hiyohiyo. Kwanza, fungua ukague mbele ya aliyeleta, na kama mmekubaliana kulipa ukipokea, kagua kabla ya kulipa. Pili, piga picha na video ya kasoro, pamoja na kitu kizima. Tatu, mwandikie muuzaji palepale mlipokubaliana bei, useme kasoro ni ipi na unataka nini: fedha zirudi, kitu kibadilishwe au bei ipungue. Nne, usikitumie.

La nne ndilo gumu kwa mzazi. Baba anaona waya umekaza, anasema kitatumika hivyohivyo wakati tunasubiri jibu. Kisheria anajidhoofisha, na kiafya anamlaza mtoto juu ya hatari aliyoiona kwa macho yake.

Usifute mazungumzo. Tangazo linaweza kufutwa na muuzaji dakika yoyote, na kundi linaweza kukuondoa. Piga picha ya skrini ya tangazo, bei na jina la anayeuza kabla ya kutuma fedha. Meseji ya malipo ya simu nayo ni risiti, itunze.

KOPO LA SODA NA VIDOLE VIWILI

Mzazi hahitaji kuwa fundi seremala ili akague kitanda cha mtoto. Vipimo vingine viko jikoni.

Chukua kopo la soda ulijaribu kati ya fito za kitanda. Likipita, nafasi ni kubwa mno. Mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikabaki. Nafasi salama ni karibu sentimita sita.

Weka godoro, kisha jaribu kupitisha vidole kati yake na ubavu. Vikiingia zaidi ya viwili, godoro ni dogo kwa kitanda hicho. Mtoto anahitaji godoro gumu na tambarare, na ni bora kulinunua jipya kuliko kurithi lililobonyea.

Tikisa kila ubavu kwa nguvu. Hesabu skrubu na matundu yake. Tundu tupu ni kasoro. Usikubali kamba, waya au gundi mahali pa komeo. Kama ubavu unashuka, njia salama ni kutokitumia kabisa, hata kama leo komeo linafunga.

Angalia rangi. Rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na madini ya risasi, na mtoto anayeota meno atatafuna ukingo wa kitanda kabla ya kutafuna ugali.

Mwisho tafuta lebo ya mtengenezaji, jina la modeli na mwaka. Andika jina hilo kwenye simu utafute kama bidhaa iliwahi kuondolewa sokoni. Lebo iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuuliza kwa nini.

USIVIWEKEE DAU KABISA

Vipo vitu ambavyo bei nafuu haipaswi kumshawishi mzazi.

Kigari cha magurudumu cha kumfundisha mtoto kutembea ni kimojawapo. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004, kwa kuuza kipya na hata kilichotumika, kwa sababu kinampa mtoto mwendo ambao mzazi haukimbilii: ngazi, jiko, ndoo ya maji ya moto.

Kingine ni kilalio cha mteremko, kile kinachomweka mtoto nusu ameketi. Kichwa cha mtoto huinama mbele na njia ya hewa hubanwa. Mwaka 2019 vilalio milioni 4.7 vya Rock 'n Play vya Fisher-Price viliondolewa sokoni Marekani baada ya kuhusishwa na vifo. Januari 2023 CPSC ililazimika kurudia tangazo, kwa sababu vifo visivyopungua vinane viliripotiwa kutokea baada ya lile la kwanza. Bidhaa ilikuwa imetolewa madukani, lakini ilibaki majumbani.

Kiti cha mtoto cha kwenye gari kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na viti hivyo huwa na mwisho wa matumizi ulioandikwa. Usinunue ambacho historia yake haijulikani. Pampu ya kukamulia maziwa iliyotengenezwa kwa mtumiaji mmoja haiazimwi wala haiuzwi, kwani maziwa na vimelea huweza kuingia ndani ya mashine mahali ambapo maji ya moto hayafiki. Kipimajoto cha zebaki kikipasuka kitandani ni sumu. Na dawa, za mtoto au za mama, haziwekewi dau mahali popote.

UKIGOMA KUSIKILIZWA

Anza na muuzaji, kwa maandishi na kwa lugha ya heshima. Wengi hulegea wakiona picha, tarehe na maneno yao wenyewe yamerudishwa mbele yao. Kama mnada ulikuwa na msimamizi wa kundi, mpelekee ushahidi huohuo.

Asipokusikiliza na ni mfanyabiashara, Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji. Bidhaa yenye hatari au isiyokidhi viwango inahusu Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kifaa tiba, kama mashine ya presha au ya kuvuta mvuke wa dawa, kinahusu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kama hakuna bidhaa iliyoletwa na simu imezimwa, huo si mgogoro wa ubora, ni utapeli: nenda polisi, mjulishe mtoa huduma wa malipo mara moja, na ripoti namba kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Madai ya fedha yanaweza pia kufikishwa mahakamani, ambako picha zile za skrini ndizo zitakazozungumza.

LEO MNUNUZI, KESHO MUUZAJI

Mtoto hukua. Baada ya miaka miwili mama yuleyule atataka kukitoa kitanda ndani, na atakuwa yeye anayepiga picha usiku na kuandika dau la kuanzia. Hapo ndipo ataona jinsi ilivyo rahisi kugeuza kitanda ili upande mbovu usionekane.

Muuzaji mwema huanza na kasoro. Hupiga picha ya mahali palipovunjika kwa karibu, huandika "komeo la kushoto limekatika", hutaja mwaka alionunua na jina la modeli. Atapata fedha kidogo kuliko jirani aliyeficha, lakini hatapokea simu ya usiku kutoka kwa mzazi anayelia. Na kitu ambacho hawezi kukisema wazi, kama kiti cha gari kilichogongwa, hakiuzi. Hukata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, ili asitokee mtu wa kukiokota na kukinadi upya.

Turudi kwa yule mama. Kitanda chake kimeegemezwa ukutani, hakijaungwa. Amepiga picha ya waya, ameituma pamoja na picha ya tangazo lililosema "hakina shida", na ameomba fedha zake kwa upole. Anao msingi wa kudai. Anazo pia wiki chache kabla ya kujifungua, na mtoto akifika kabla ya fedha, atalala mahali pengine palipo salama, si kwenye kitanda hicho.

Wiki ijayo kundi litaleta picha nyingine. Kabla ya kuweka dau, ataandika kwanza: "Habari kaka. Ni cha mtoto mchanga. Nachukulia hakuna kilichovunjika, kuungwa wala kupungua. Kama kipo, niambie sasa."

Kisha atasubiri jibu. Likichelewa, dau lipite.